Naomba ushauri: kunguru na kindi wanamaliza chakula cha ndege wadogo

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Tanga mjini. Mama yangu magoti yanamsumbua, hatoki tena, hivyo kila asubuhi namwekea sinia la ulezi na mtama juu ya nguzo chini ya mwembe, uani. Walikuwa wanakuja shomoro, tetere na chiriku, naye anakaa kibarazani na chai yake akiwatazama. Furaha yake kubwa ni hiyo.

Sasa kunguru wameliteka sinia. Ni hawa wa shingo ya kijivu, wale walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890. Wakitua watano tu, ndege wadogo wote wanatoweka. Wakiondoka wao, kindi anateremka mwembeni, anaketi katikati ya sinia na kula punje moja moja kwa mikono miwili mpaka ziishe.

Nimeacha kumwaga makombo ya ugali, kunguru wamepungua kidogo. Sumu sitaki kabisa, majirani wana kuku.

Nafikiria kulizungushia sinia wavu wa matundu ya sentimita 4. Shomoro atapita, lakini tetere je? Na kindi, kuna aliyemzuia kwa kuvalisha nguzo bati? Nguzo niisogeze umbali gani kutoka kwenye mwembe asiweze kuirukia?