Watu wa Kusini tunauziwa woga: hizi "ziara za kundi" za Uturuki zinatuumiza

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha. Kila malipo ya korosho yakianza kuingia, mawakala wa safari wanateremka huku kwetu. Utawakuta Lindi, Mtwara mjini, Masasi, Newala, Tandahimba. Wanaacha vipeperushi kwenye ofisi za AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, na kwenye milango ya misikiti baada ya Ijumaa, na wakishapata namba yako umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp hujaulizwa. Zamani walikuwa wanauza Umra tu. Siku hizi wameongeza Uturuki: "Ziara ya Kiislamu Istanbul, kila kitu kimo."

Mama yangu mkubwa, mkulima wa korosho Tandahimba, alilipa kwa hela yake mwenyewe. Mimi niko Lindi, nikaenda naye kwa sababu magoti yake hayamruhusu kusafiri bila mtu wa kumshika mkono. Tumerudi. Wakala simtaji kwa sababu tumeshaanza kumdai kwa maandishi, na sitaki apate pa kujificha akisema nimemchafua. Ila mchezo wenyewe nitausema wote, maana najua si yeye peke yake anayeucheza.

Hilo neno "kila kitu kimo" maana yake ilikuwa ndege, viza, hoteli, chai ya asubuhi na basi. Viingilio havimo. Chakula cha mchana hakimo. Bakshishi ya dereva ilidaiwa kwenye basi kwa kuitwa jina mmoja mmoja, mbele ya wenzako. Hoteli ya "Istanbul katikati" ilikuwa Beylikdüzü, huko magharibi mwisho wa mji, na foleni za Istanbul anayezijua anazijua. Asubuhi nzima mnaimalizia barabarani.

Twende kwenye yaliyoniuma zaidi.

Hagia Sophia. Jengo hili lilikuwa kanisa tangu mwaka 537, likawa msikiti 1453, likafanywa makumbusho 1935, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Mwaka 2024 wenyewe wakatenganisha njia: mtalii anapanda ghorofa ya juu kwa Euro 25, anayekuja kuswali anaingia chini, halipi kitu. Sasa ndani ya basi lililojaa wazee wa Kiislamu kutoka Kusini, watu wenye udhu na miswala kwenye mikoba, kiongozi wa msafara akasimama na bahasha akikusanya Euro 25 kwa kila kichwa. Mama akamuuliza, "Mwanangu, na sisi tunaotaka kuswali adhuhuri tu?" Akajibiwa, "Mama, huku si kama kwenu, bila tiketi huingii." Huo ni uongo, na aliusema kwa mama mtu mzima anayetaka kumsujudia Mola wake.

Halafu Jumanne. Ratiba, ninayo mpaka leo, imeandikwa: "Jumanne: Kasri la Topkapi, kuona joho la Mtume (s.a.w.) na panga za masahaba." Wakuu, Topkapi hufungwa kila Jumanne. Hilo halihitaji utafiti, ni kitu kinachojulikana na kila anayefanya kazi ya utalii mji ule. Tukashushwa Sultanahmet, mtaa wa zamani wa katikati ya mji, tukapiga picha nje ya Msikiti wa Bluu, kiongozi akashika simu, akajifanya kushangaa, akatangaza: "Bahati mbaya Topkapi leo wamefunga, lakini tumewapatia nafasi kwenye kiwanda cha ngozi." Nafasi! Wenzetu waliokwenda walisimulia kiwanda kilikuwa kinawasubiri, wahudumu wako mlangoni na idadi yetu wanaijua. Na siku nyingine yoyote Topkapi haikurudishwa kwenye ratiba. Kuna watu pale walilipa mamilioni kwa sababu ya ule mstari mmoja tu wa joho la Mtume.

Siku moja kabla tulikuwa tumepelekwa kwenye duka la mazulia, na hapo ndipo nilipoielewa biashara yao. Mnaketishwa kwenye mabenchi kuzunguka ukumbi. Inaletwa chai ya tufaha kwenye vile vigilasi vidogo. Mzee mmoja mwenye maneno matamu anazungumza, vijana wawili wanatandua mazulia, moja juu ya jingine, yanapigwa chini paa! paa! mpaka sakafu haionekani. Baadaye kila familia inachukuliwa na muuzaji wake na kuwekwa kwenye chumba chake. Mnatenganishwa ili asiwepo wa kumshtua mwenzake. Mama alitaka kwenda msalani, akaambiwa amalizie kwanza kuchagua rangi. Muda wote huo kiongozi wetu alikuwa nje anavuta sigara na dereva. Kwenye Hagia Sophia tulipewa dakika za kuhesabu kwa saa ya mkononi. Kwenye mazulia hakuna aliyetuharakisha.

Hesabu yake ni nyepesi. Duka linamlipa kamisheni aliyeleta kundi, kwa kila kinachonunuliwa. Kifurushi kinauzwa kwa bei ya kuvutia huku Lindi, faida inakwenda kutafutwa kule kwenye ngozi, mazulia, dhahabu na vitamu. Kwa hiyo ratiba inapangwa kufuata maduka, na misikiti inachomekwa katikati ili tangazo lipate picha. Mtu asikwambie ni uzembe. Msafara unaotaka kuuza ngozi siku ya Jumanne unaandika Topkapi siku ya Jumanne.

Siku hiyo ya ngozi nilimwambia kiongozi sisi hatuendi. Akaanza vitisho: mtapotea, huku hawajui Kiingereza, kuna wezi, polisi wakiwakamata sisi hatuhusiki. Na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu pasipoti zetu alizikusanya siku ya kwanza "kwa usalama". Nikamwambia anipe pasipoti mbili, yangu na ya mama, pale pale barabarani, mbele ya watu. Alizungusha, nikaweka mkoba chini, nikakaa. Akazitoa. Wakuu, hakuna mwongozaji mwenye haki ya kukaa na pasipoti yako. Ukiombwa kitambulisho mitaani, ni wewe utakayeulizwa. Yeye atakuwa kwenye basi.

Tukaondoka kwa tramu. Kituo cha Sultanahmet kipo palepale, ni njia ya T1. Kadi inaitwa Istanbulkart, unainunua kwenye mashine, unaiwekea hela, unaigusisha getini. Kadi hiyohiyo inapanda tramu, metro, mabasi na vivuko vya baharini. Vituo vitatu tu, Gülhane, Sirkeci, Eminönü, ukishuka unachukua T5 inayopita kando ya maji mpaka Eyüpsultan. Tramu za kule sakafu yake iko sawa na jukwaa la kituo, mama hakupanda hata ngazi moja. Kijana mmoja wa Kituruki alimpisha kiti kabla sijasema neno, na njia nzima alikuwa akimwita "teyze", kama sisi tunavyomwita mtu mama mdogo.

Eyüp Sultan ndipo lilipo kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake alipohamia Madina. Mama habari zake alizisikia chuoni akiwa binti mdogo. Kwenye kipeperushi kaburi hili limechapishwa kwa herufi nzito, kwenye safari likafutwa "kwa sababu ya foleni". Kiingilio hakuna. Tuliswali adhuhuri, akaomba dua yake taratibu, hakuna aliyempigia makofi ya "twendeni, twendeni". Akaketi uani na mimi nikaenda kununua simiti, ile mikate ya duara yenye ufuta. Alikaa pale mpaka alasiri kwa sababu alitaka kukaa.

Kurudi Beylikdüzü tulichukua T1 hadi Cevizlibağ, tukapanda metrobus. Hiyo ni mwendokasi, ina barabara yake yenyewe kama ya Dar, inakimbia pembeni ya foleni. Ilijaa, sikatai. Lakini tulifika hotelini kabla ya kundi. Wenzetu walikuja usiku wamechoka, na mzee mmoja mstaafu wa ualimu kutoka Newala amebeba koti la ngozi zito ajabu. Newala kuna baridi, ndiyo, ipo juu kwenye uwanda, lakini hakuna baridi ya Newala inayodai koti lile. Alipoulizwa bei aliinamisha kichwa.

Kuna na waliolipia puto la kupanda angani huko Cappadocia, katikati ya Uturuki. Mjue kwamba kule ruhusa ya kurusha maputo inatolewa na mamlaka ya anga asubuhi kwa asubuhi kulingana na upepo. Ukienda kivyako unajiwekea siku ya akiba, upepo ukikataa leo unajaribu kesho. Kundi lina asubuhi moja. Upepo ulikataa, basi likaondoka, na hela mpaka leo haijarudi.

Sasa nisieleweke vibaya, maana najua watakuja watu hapa kusema "si kila mtu anaweza kwenda peke yake". Kweli kabisa. Viza inasumbua: taarifa za benki, tiketi, uthibitisho wa hoteli, mkulima wa Tandahimba ambaye hela yake inapita AMCOS mara moja kwa mwaka atapata tabu kuonesha mzunguko wa akaunti. Mtu kushughulikiwa hayo ni huduma halali na ilipiwe. Wala sina ugomvi na waongozaji. Mimi ni mtu wa mkoa wa Lindi, Kilwa Kisiwani ipo mkoani kwetu, urithi wa dunia tangu 1981. Mgeni akifika Kilwa Masoko anachukua kibali, anapewa mwongozaji, wanavuka kwa mashua, anaoneshwa Gereza, yaani ile ngome ya kale, Msikiti Mkuu, anatembezwa mpaka Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani. Bila mwongozaji angeona mawe tu. Mwongozaji wa kweli anakuongezea macho, na Uturuki wapo: wana leseni ya serikali, wanavaa kitambulisho shingoni, na sheria yao ya mwaka 2012 inalinda kazi hiyo. Kiongozi wetu hakuwa nayo. Ndiyo maana mbele ya kila mlango wa maana alinyamaza, akatuambia "ingieni mtazame". Tulilipia mtu wa kutuhesabu kwenye basi.

Kwa hiyo tofauti ninayoipigania ni hii. Lipia viza na tiketi kwa wakala kama huwezi kuhangaika. Hoteli tafuta Sultanahmet, Sirkeci, Aksaray, karibu na reli ya T1. Mkiwa ndugu watatu wanne chukueni mwongozaji mwenye leseni kwa siku moja au mbili, mwambieni wazi hakuna duka. Siku zilizobaki tembeeni wenyewe. Msikiti wa Bluu bure. Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu Mimar Sinan iliyokamilika 1557, bure. Kuvuka mlango-bahari wa Bosphorus kwa kivuko cha abiria kutoka Eminönü hadi Üsküdar ni nauli ya kawaida, sisi tuliuziwa boti ya "ziara maalumu" kwa dola. Kapalıçarşı, lile soko kubwa lenye paa, usiende Jumapili, hufungwa.

Na anayemnunulia mzee wake kifurushi cha kundi, adai ratiba iliyosainiwa: jina la hoteli na mtaa wake, kila sehemu na siku yake, nani analipa kiingilio, na maduka mangapi. Wakikataa kuandika maduka, wamekujibu.

Kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouziwa. Kuandika Topkapi Jumanne, "Istanbul katikati" ukamlaza mtu Beylikdüzü, na kumwambia Mwislamu kuswali ni Euro 25, kama hayo si kupotosha basi sijui kupotosha ni nini. Tunaandika kwenda Tume ya Ushindani, vipeperushi tumeambatisha.

NYONGEZA: Naona mchangiaji mmoja ananiuliza kwa nini nisiwashukuru kwa kuturudisha salama. Ndugu yangu, kurudi salama kulikuwa ndani ya bei. Mwingine kauliza kuhusu kina mama wasiojua Kiingereza. Mama mkubwa hajui Kiingereza, na Kituruki sikujua mimi wala yeye. Majina ya vituo yameandikwa kwa herufi hizihizi zetu na yanatangazwa kwenye spika. Mpeni kijana mmoja wa kwenye familia aandamane naye, nauli yake mtaiokoa kwenye viingilio vya uongo.

Kwa mliokuwa na msafara wowote wa aina hii kutoka Lindi na Mtwara: leteni ratiba mliyopewa na mahali mlikopelekwa kweli, wekeni hapa kwenye uzi. Majina ya wazee msiweke. Waliolipia puto na wana risiti, njooni PM kabla ya Ijumaa, barua ya madai inaondoka na basi la alfajiri.