Usemi huu ni wa Mark Twain au Josh Billings?

Mchapaji_K: Wakuu, naandaa kalenda ya ukutani ya semi za kuchekesha kuhusu tabia za watu. "Heri kutojua kitu kuliko kujua kisicho kweli" mitandaoni unapewa Mark Twain, kwingine Josh Billings, wote waandishi wa vichekesho wa Marekani wa zamani. Na ule wa gurudumu linalolia ndilo hupakwa grisi je? Nithibitisheje kabla ya kuchapa?

Kabati la Vitabu: Wa kwanza ni wa Billings, umo kwenye kitabu chake cha 1874. Jina lake halisi Henry Wheeler Shaw (1818–1885), dalali wa minada huko Poughkeepsie, New York. Watu hawaupati kwa sababu aliharibu tahajia makusudi, akaandika Kiingereza kama kinavyosikika mdomoni: "iz" (is), "tew" (to), "ov" (of). Ukitafuta kwa tahajia sanifu utaambulia patupu, halafu utaangukia kurasa za juzi zenye jina la Twain. Kwenye maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya zamani vilivyopigwa picha, andika "tew know nothing" ndani ya alama za kunukuu, weka ukomo wa mwaka 1885. Ukipata, fungua picha ya ukurasa wenyewe. Programu zinazogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi huvurugwa sana na tahajia yake, kwa hiyo jaribu vipande viwili vitatu tofauti. Mwaka usome kwenye ukurasa wa jina la kitabu, si kwenye orodha ya maktaba. Majarida yaliyojalidiwa pamoja mara nyingi huorodheshwa kwa mwaka wa toleo la kwanza.

Mzee wa Nukuu: Gurudumu liache, mkuu. Wanaompa Billings hutaja shairi liitwalo "The Kicker", ila ukiwadai kitabu na ukurasa wanapotea. Kwa Twain, yeye alifariki 1910; usemi unaoanza kubeba jina lake miaka mingi baada ya hapo utilie shaka kwanza.

Mchapaji_K: Asanteni. Hakimiliki je?

Kabati la Vitabu: Maandishi ya Billings yameshakuwa mali ya umma. Tafsiri ya mtu mwingine ndiyo yenye mwenyewe, usiinyofoe mtandaoni, tafsiri mwenyewe. Tena kwa kazi yako tafuta Allminax zake za miaka ya 1870, alizotoa kila mwaka kuzidhihaki almanaki za wakulima, yaani vitabu vya kalenda na utabiri wa hali ya hewa. Zimepangwa kwa miezi, na utabiri wake wa hali ya hewa ni kichekesho kitupu.