Niache benki nikafanye useremala? Naomba hesabu

Msasa80
Wakuu, salaam. Niko benki hapa Dar, mwaka wa tisa sasa. Mshahara kabla ya makato ni shilingi 2,500,000 kwa mwezi. Kazi ninayoipenda ni samani za mbao ngumu, na kila Jumapili nipo karakana Keko. Nyumbani wanasema nimerogwa. Sitaki kutiwa moyo wala kukatishwa tamaa, nataka kujua nipige hesabu zipi kabla ya kuandika barua. Bodi ya mikopo ya wanafunzi bado wananikata deni la chuo, na mkopo wa mtumishi, ule benki inaowapa wafanyakazi wake, ninao.

MzeeWaSlipu
Mkuu, chukua slipu yako ya mshahara, maana 2,500,000 siyo hela unayoiacha. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 10% ni 250,000. Inayobaki, 2,250,000, ndiyo inayokatwa kodi: 128,000 kwa milioni ya kwanza, kisha 30% ya 1,250,000, yaani 375,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, jumla 503,000. Bodi ya mikopo wanachukua 15% ya mshahara wa msingi, 375,000 nyingine. Mkononi: 1,372,000, na mkopo wa mtumishi haujaguswa. Meza zako zinashindana na namba hiyo, tena ukiwa umeshatoa nauli na chakula cha mchana cha Posta.

Ila usishangilie mapema. Ukiondoka unapoteza na vile usivyoviona mkononi: mchango wa mwajiri kule NSSF, na bima ya afya ya familia. Pensheni inataka michango ya miezi 180, wewe una kama 108, kwa hiyo endelea kuchangia kama mtu aliyejiajiri. Fao la kukosa ajira liondoe kichwani, aliyeacha kazi kwa hiari yake halimhusu. Na deni la bodi utaondoka nalo. Tofauti ni kwamba sasa utalipeleka mwenyewe kila mwezi.

Panapoumiza kweli ni mkopo wa mtumishi. Riba yake iko chini kwa sababu wewe ni mtumishi. Tafuta kwenye mkataba kifungu cha kuacha kazi. Mara nyingi kinasema deni lote lilipwe siku ya mwisho, au riba ipande hadi ya mteja wa mtaani. Ukikuta hivyo, maliza mkopo kwanza ndipo utoe notisi ya siku 28. Hapo sina mjadala.

RandaYaChuma
Hesabu za slipu nimezikubali. Za karakana sasa, maana wengi wanafilisika huku oda zipo.

Chukua seti ya meza ya chakula na viti sita. Meza ya kawaida ina miguu minne na reli nne (mbao za kulala zinazounganisha miguu), viungo 8. Kiti chenye reli nne chini na mbili mgongoni kina viungo 12. Viti sita, viungo 72! Kila kimoja tundu, ulimi, gundi, kubana. Mteja anaiangalia meza, lakini siku zako zimeliwa na viti. Ukipanga bei kwa kukisia "meza kiasi fulani, viti nyongeza", umefanya kazi ya bure. Andika saa za kila hatua kwa seti mbili tatu, uzidishe kwa ujira ambao ungemlipa fundi mwingine. Hapo ndipo bei inaanzia.

Mbao nayo: ya inchi moja ikipita kwenye randa inabaki kama milimita 20, na ukiondoa nyufa, mafundo na vipande vya mwisho, ongeza robo nzima juu ya kipimo chako. Mninga ununue wenye hati ya kusafirishia mazao ya misitu na risiti. Wa bei ya kutupa usio na karatasi ukikamatwa nao, hasara ni yako.

Halafu ukavu. Mbao nyingi za Buguruni na Keko zimeshuka kwenye lori juzi. Ukitengeneza meza nayo, ikaenda kukaa kwenye nyumba ya Masaki yenye kiyoyozi usiku na mchana, uso unasinyaa kwa upana na kupasuka katikati, hasa kama umeukaza kwenye fremu kwa skrubu zisizo na nafasi. Toboa matundu marefu ili uso uteleze. Mbao zipange kivulini, kila safu ikitenganishwa na vipande vya inchi moja, ncha zipake rangi. Huna kipimo cha unyevu? Kata kipande, kipime kwenye mzani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kazi ianze. Sasa jiulize: hela iliyolala kwenye mbao miezi yote hiyo itatoka wapi? Huo ndiyo mtaji, msumeno ni kitu kidogo.

DadaWaOda
Kaka, niongeze moja tu. Unapenda kuranda, lakini utakayoombwa ni makochi ya kuigiza picha ya simu, kwa MDF (mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandamizwa), "yaishe Ijumaa". Na nusu ya wiki ni simu, kupima vyumba na kudai salio. Usianze oda bila malipo ya awali yanayotosha vifaa vyote. Salio lilipwe kabla samani haijapanda Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, siyo baada ya kushushwa.

Msasa80
Asanteni sana. Nina likizo ya siku 28 sijaigusa. Naweza kuitumia kama jaribio, oda mbili tatu?

MzeeWaSlipu
Unaweza, ila angalia kwanza kanuni za benki kuhusu biashara binafsi. Mara nyingi unatakiwa kuitangaza kwa maandishi. Akaunti ya jaribio iwe tofauti na ya mshahara, la sivyo hutajua kama karakana inajilisha au inalishwa na mshahara.

RandaYaChuma
Na isiwe Desemba. Kabla ya Krismasi na Idi kila mtu anataka kochi jipya, hata fundi mbovu anapata oda. Chukua Februari, ada za shule zikiwa zimeshakomba mifuko ya wateja.