Vipande vitano vya Metallica visivyo na mwimbaji: kipi cha kwanza?

BesiKikwajuni
Assalaam alaykum jamaa. Tunaosikiliza muziki mzito hapa Unguja ni wachache, na kila tukikutana ubishi ni huu huu, basi tuuweke hapa. Metallica, bendi ya metali ya Marekani, wana vipande vitano vya ala tupu kwenye albamu zao. Mie navipanga hivi: Orion, The Call of Ktulu, To Live Is to Die, Anesthesia, na Suicide & Redemption mwisho.

Orion (Master of Puppets, 1986) iko juu kwa ajili ya ule upande wa kati. Inaanza kwa mbali, sauti inasogea polepole, unadhani ni kinanda kumbe ni gita la besi la Cliff Burton. Magitaa yanaingia, uzito unapanda, halafu karibu na dakika ya nne vyote vinanyamaza. Besi inabaki peke yake na mwendo mwengine kabisa, wa taratibu, wa kuyumba. Gita linaitikia, jengine linapanda juu yake, na mpaka uzito urudi hukumbuki tena kama hakuna aliyeimba. Septemba mwaka ule ule Burton alifariki Sweden, basi la bendi lilipopinduka. Alikuwa na miaka 24. Kwenye mazishi yake ilipigwa rekodi hii. Siwezi kuisikiliza bila ya kulikumbuka hilo.

Mlandege77
Ktulu kwanza, na si ile ya 1984 tu. Skizeni ya 1999, waliyopiga Berkeley na okestra ya San Francisco chini ya Michael Kamen. Ile ilipata Grammy mwaka 2001. Orion nzuri, lakini Ktulu inakutisha tokea gita la mwanzo, na haina haraka ya kufika.

FidlaYaUsiku
Mie napiga fidla kwenye taarab, metali nimeijua kwa mdogo wangu. Nyote mnasema "haina mwimbaji" kama vile kuna kitu kimepungua. Taarab yetu ya asili usiku unafunguliwa kwa bashraf, ala tupu, na wazee wanakaa wanaskiza mpaka mwisho. Bashraf ina sehemu zake, kila sehemu inatoka kivyake, kisha taslim inarejea ile ile na kuwakusanya wote. Kwa hiyo mie nauliza jambo moja: kipande kikitoka, kinajua njia ya kurudi?

Orion inajua. Na kuna kitu ndani yake sisi hatukifanyi. Kwenye bashraf, ganuni, udi, fidla na akodiani zote zinashika lahani moja, kila mpigaji anaipamba kwa mkono wake. Pale kati ya Orion magitaa mawili yanakwenda sambamba, moja juu, moja chini, kila moja na noti yake. Mara ya kwanza kuyasikia niliirejesha pale pale, tena na tena.

Ktulu ya okestra naipenda kwa sababu Kamen hakuzipa fidla kazi ya kufuata magitaa. Aliziandikia njia yao wenyewe. Mpigaji fidla yeyote atalisikia hilo.

BintiWete
Kaka BesiKikwajuni, Anesthesia unaitupa ya nne? Mimi nipo Pemba, najifunza besi, na hii ndiyo iliyonifanya nilishike gita. Mwaka 1982 Los Angeles, James Hetfield na Lars Ulrich, waanzilishi wa Metallica, walikwenda kutazama bendi nyengine, Trauma. Wakasikia solo, wakamtafuta mpiga gita kwa macho, kumbe ni besi, ni Burton. Akakubali kujiunga kwa sharti wao wahamie kwao, upande wa San Francisco, na wakahama! Anesthesia (Kill 'Em All, 1983) ndiyo solo ile. Sauti imekwaruzwa, mguu uko kwenye kikanyagio cha wa-wa, kile kinachoigeuza sauti ukikikanyaga, na ngoma za Ulrich haziingii mpaka Burton ameshasema sana peke yake. Besi katika Orion inathubutu kubaki pekee kwa sababu hapa ilishathubutu.

BesiKikwajuni
Dada BintiWete, hoja yako ina uzito. Lakini Anesthesia ni mtu mmoja anaonesha mkono wake. Orion ni watu wanne wanajenga kitu.

BintiWete
Mkono wenyewe ule!

ChakeMetali
Suicide & Redemption (Death Magnetic, 2008) mwisho, sina ubishi. Karibu dakika kumi, na ndani yake mna mapigo mazuri ya gita, ila yamepangwa foleni tu, moja halizai jengine. Tena albamu nzima sauti imebanwa na kupandishwa mpaka inapasuka, mashabiki walilalamika tokea siku zile. Tuitazame To Live Is to Die. Hetfield anasoma mistari minne mle ndani. Ni ala tupu kweli?

Mlandege77
Kwangu si ala tupu. Iondolewe.

FidlaYaUsiku
Isiondolewe. Kipande kimepita dakika tisa, maneno hayachukui hata moja. Kilijengwa kwa mapigo aliyoyaacha Burton, na maneno yale yamewekwa kwa jina lake. Maiti ameachiwa aseme kidogo katika kazi yake mwenyewe. Na kinaanza kwa gita tulivu, kinamaliza kwa gita tulivu. Ndiyo taslim hiyo.

BintiWete
Kinachoniuma ni besi. To Live imo kwenye …And Justice for All (1988), na walivyoichanganya sauti, Jason Newsted, aliyeshika besi baada ya Burton, hasikiki kabisa. Kipande cha kumkumbuka mpiga besi, na besi yenyewe huioni! Naitega kwa hedifoni usiku, nashika nyuzi zangu, naishia kukisia. Kwa hiyo mpango wangu: Orion, Anesthesia, Ktulu ya 1999, To Live Is to Die, na ya 2008. Siku watakayoichanganya upya albamu ile wakampandisha Newsted, To Live naihamisha juu ya Ktulu.

Mlandege77
Juu ya Ktulu haipiti, hata wakimpandisha.