Je, kumsamehe ndugu aliyenidhulumu kunaweza kushusha presha yangu?

MwalimuMstaafu

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Morogoro, na ninatumia dawa za presha. Baada ya baba yetu kufariki, kaka yangu, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, aliuza sehemu ya shamba la familia bila kutushirikisha sisi dada zake, na fedha zake hatujaziona hadi leo. Tangu hapo mimi naye hatuzungumzi, isipokuwa tukikutana msibani.

Kilichonileta hapa ni jambo lililotokea kliniki hivi karibuni. Muuguzi alikuwa ameshanifunga mkanda wa kipimo mkononi, simu yangu ikaita, nikaona jina la kaka. Sikupokea, lakini mashine ilisoma 168 kwa 102. Muuguzi aliniambia niizime simu, nikae nitulie bila kuzungumza na mtu, na aliporudia kunipima ikasoma 146 kwa 90. Daktari alipoiona tofauti hiyo aliniuliza kama kuna jambo linalonisumbua, nikamweleza, naye akanishauri nijitahidi kusamehe na kujizoeza kushukuru, kwa kuwa yote mawili yana faida kwa afya. Je, ushauri huo una ushahidi wa kitaalamu, au alitaka kunifariji tu? Nikisamehe, ndiyo nimeliacha shamba? Na presha ikishuka, ninaweza kupunguza dawa?

MuuguziKliniki

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa yaliyokukuta. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Tafadhali usipunguze dawa wala kuziacha kwa uamuzi wako mwenyewe, hata kama utaamka kesho ukiwa na moyo mweupe kabisa. Hata baada ya kutulia ulisoma 146 kwa 90, na sisi kliniki tunaihesabu presha kuwa ya juu inapofika 140 kwa 90. Simu ya kaka yako haikukuletea ugonjwa, iliukuta upo.

Iliyokupandisha hadi 168 ni hasira, au pengine hofu, ambayo huzifanya tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na mishipa ya damu ikabana. Hali hiyo hupita mtu akitulia, na ndiyo maana tunasisitiza kukaa kimya kwa dakika 5, mgongo ukiwa umeegemezwa na miguu yote miwili ikiwa chini, kabla ya kupimwa. Ninachokiona zaidi kwa wagonjwa wenye vinyongo vya muda mrefu ni madhara yanayokuja kwa njia ya kuzunguka: mtu anakesha akiwaza kesi, asubuhi anasahau kumeza dawa, anaacha kutembea kwa sababu hataki kupita mbele ya nyumba ya mbaya wake, na wengine wanarudi kwenye pombe waliyokuwa wameiacha. Kusamehe kukikurudishia usingizi wako, hiyo peke yake ni faida kubwa, lakini chumvi bado inatakiwa isizidi gramu 5 kwa siku.

MshauriNasaha

Mwalimu, ushahidi upo, ingawa ni wa kiasi. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Charlotte Witvliet na wenzake wa Chuo cha Hope, kilichopo jimbo la Michigan nchini Marekani, walichapisha utafiti uliofanana kwa namna fulani na tukio lako la kliniki. Waliwataka wanafunzi 71 wamfikirie mtu aliyewahi kuwakosea, mara wakiurudia uchungu na kukipalilia kinyongo, mara wakijaribu kumwona mkosaji kama binadamu na kumsamehe, huku mitambo ikipima mapigo ya moyo, shinikizo la damu, jasho la ngozi na mkunjo wa paji la uso. Walipokipalilia kinyongo vipimo vyote hivyo vilipanda zaidi, na ingawa yalikuwa mawazo matupu, mkosaji hayupo chumbani, mwili uliitika. Utafiti huo, hata hivyo, ulipima mabadiliko ya muda mfupi tu, kwa hiyo hautuambii kwamba kusamehe kunaponya presha ya kudumu.

Kwa upande wa akili ushahidi una nguvu zaidi. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watu 4,598 katika Kolombia, Hong Kong, Indonesia, Afrika Kusini na Ukraine, ambao walipewa kitabu cha mazoezi ya kusamehe kinachoweza kumalizwa kwa saa chache. Waliokipata mapema walipungukiwa na kinyongo, huzuni na wasiwasi kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Mazoezi hayo yanatokana na kazi ya Everett Worthington, mwanasaikolojia ambaye alikuwa tayari akiutafiti msamaha wakati mama yake mzazi alipouawa na mtu aliyevamia nyumba yake.

Worthington anautenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu shamba. Unaweza kuamua leo kwamba hutalipiza kisasi wala kumtendea kaka yako ubaya, wakati moyo wenyewe ukichukua miezi au miaka kupoa. Katika yote hayo hakuna mahali unapotakiwa kukana kwamba ulidhulumiwa, kurudisha ukaribu kabla ya kumwamini, wala kuacha kudai haki yako.

Pingamizi

Nakubaliana na waliotangulia kwa sehemu, lakini nina wasiwasi na namna ushauri huu unavyotumika katika jamii yetu. Katika migogoro ya mirathi anayeambiwa "samehe, yaishe" karibu kila mara ni dada au mjane, wala sijawahi kusikia kikao cha ukoo kikimsihi kaka arudishe fedha kwa ajili ya afya ya moyo wake. Mwanasaikolojia James McNulty, aliyewafuatilia wanandoa wapya kwa miaka 4 ya mwanzo ya ndoa, aliandika mwaka 2011 kwamba wenye tabia ya kusamehe kwa wepesi waliendelea kufanyiwa ukali uleule na wenzi wao, ilhali kwa wasio wepesi wa kusamehe ukali huo ulipungua kadiri muda ulivyokwenda. Mkosaji asiyegharimika hana sababu ya kubadilika.

Kuhusu shukrani, uchambuzi uliounganisha tafiti 27 na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mazoezi ya kushukuru hupunguza huzuni na wasiwasi kwa kiwango kidogo tu. Mwalimu, msimamizi wa mirathi anawajibika kuieleza mahakama iliyomteua mali zilizokuwepo na jinsi alivyozigawa. Nenda mahakamani kaulizie jalada la mirathi hiyo kwanza, halafu usamehe ukiwa na nakala mkononi.

MzeeWaPangani

Pingamizi, maneno yako ni makali lakini si ya uongo. Niongeze tu kwamba hata vitabu vya dini havikuutenga msamaha na haki, ingawa wahubiri wengi hukimbilia nusu moja. Katika Sura ya Ash-Shura, aya ya 40, Qurani inataja kwanza kwamba malipo ya uovu ni uovu ulio sawa nao, kisha ndipo inapomwahidi ujira kwa Mwenyezi Mungu yule anayesamehe na kusuluhisha. Maana yake ni kwamba anayesamehe ni mtu mwenye haki mkononi, anayejua anasamehe nini. Wakristo nao wanaijua Mathayo 18 kwa ile "sabini mara saba", lakini katika sura hiyohiyo, aya chache kabla, ndugu aliyekosewa anaelekezwa amwendee mkosaji wakiwa wawili, asiposikia aende na shahidi mmoja au wawili, na akikataa tena jambo lifikishwe mbele ya kanisa.

Binti yangu, sioni kama hatua ya kwanza umeshaipitia. Huenda hata ile simu ilikuwa na neno.

MwalimuMstaafu

Ahsanteni sana nyote, na Mzee shikamoo. Dawa nitaendelea nazo kama nilivyoandikiwa. Kuhusu simu, nimeona nimpigie mwenyewe, nimwombe tukutane tukiwa na shangazi yetu pamoja na mdogo wangu, na aje na maelezo ya mauzo. Asipokuja nitafuata njia ya mahakama bila matusi. Siwezi kusema nimesamehe, lakini nimeamua kuacha kumwombea mabaya, maana kusema kweli nilikuwa nafanya hivyo. Limebaki suala la shukrani: je, ni kweli mtu anatakiwa kuandika kila siku mambo anayoyashukuru? Nikijilazimisha naona ninarudia yaleyale.

MshauriNasaha

Si lazima iwe kila siku, Mwalimu. Wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough, waliochapisha utafiti wao maarufu mwaka 2003, katika jaribio lao la kwanza waliwataka wanafunzi waandike mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, na wale walioandika hivyo waliripoti maumivu machache ya mwili na mazoezi mengi zaidi ya viungo kuliko walioorodhesha kero zao. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake nao waliona kwamba waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki waliongezeka furaha, lakini waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakuongezeka, pengine kwa sababu zoezi liligeuka kuwa mazoea.

Chagua siku moja, tuseme Jumapili jioni, uandike mambo mawili au matatu, na kila moja liwe mahususi. Badala ya "nashukuru kwa familia", andika kwamba mdogo wako alikusindikiza kliniki na akasubiri hadi ukapewa dawa.