Jezi ya mutoto: nyuma niandike MPUTU 8 ao moja wa bale bapya?

MwanaKatuba
Bandugu ya Lubumbashi musaada. Mutoto ya dada yangu anafikisha myaka juma inakuya, nilimwahidi jezi na jina nyuma. Kijana ya kuandika majina anataka jibu mbele ya siku ya posho. Miye nataka MPUTU 8, ule Trésor Mputu, mushambuliaji wa zamani wa TP Mazembe, timu ya hapa Lubumbashi. Bibi yangu anasema ile jina ya zamani, batoto ba leo banataka Yamal, Endrick, Mayele. Njo nauliza: Mputu ya wakati yake na bale bashambuliaji bapya, nani mukubwa? Mulete sababu, hapana "Mputu njo Mputu" tu.

Kalubwe_1
Hii ni nusu ya swali yaya. Jezi ya timu gani? Mutoto eko na myaka ngapi? Anachezaka fasi gani? Alishaonaka Mputu hata ku video? Alafu Yamal haina mushambuliaji wa kati, anachezaka kuume kule pembeni, na Mayele haina kijana, alizaliwa 1994. Unachanganya bitu tatu mu sahani moja.

CorbeauKamalondo
Kalubwe acha kusumbua mutu, swali inasikilika. 2007 Mputu alikuwa na myaka 21 njo alifunga kupita bote mu Ligi ya Mabingwa ya Afrika, magoli 9. 2009 CHAN ya kwanza (kombe ya Afrika ya bachezaji ba ligi za ndani) kule Côte d'Ivoire tulipiga Ghana 2-0 ku fainali na bakamuchagua muchezaji bora. Mwaka ile ile Mazembe ikabeba Ligi ya Mabingwa. Bote yee alikuwa hapa hapa, hapana Ulaya! Na kwa mwenye hakuonaka nimuelezee: tulikuwaka ku stadi Kibassa Maliba, stadi ya Kamalondo haiyajengwa, batu batatu mu fasi ya mutu moja. Mupira unamufikia amegeuzia goli mugongo, hakimbizi, anangojea beki amusukume, na paka ile kusukuma njo inamuzungusha, beki anabaki na mukono mu upepo. Stadi yote ilikuwa inasimama MBELE azunguke, juu tulishajua.

Cheminot_BluJano
Muzuri sana. Sasa mutufikishe 2010. Nani alienda Abu Dhabi, ku Kombe ya Dunia ya maklabu? Bedi alifunga Pachuca, Kabangu na Kaluyituka bakafunga Internacional, Kidiaba eko mu goli, mukafika fainali na Inter ya Italia. Mputu? FIFA ilimufungia myezi 12 juu ya mambo ya arbitri kule Kigali, machi ya APR ya Rwanda. Mutoto akiuliza "mujomba, huyu ku fainali ya dunia alifanya nini" utasema alikuwa anaangalia telé kama weye?

CorbeauKamalondo
Mutu ya Lupopo, bapinzani betu ba hapa mujini, anaongea ya fainali. Fainali gani papa?

Cheminot_BluJano
Ile yenye mulipigwa 3-0.

Mutoto_ya_Goma
😂😂 Batu ya Lubumbashi munatufurahishaka huku kwetu. Mimi naona hamulinganishi vizuri. Endrick alifunga Uingereza pale Wembley na myaka 17, Yamal alifunga Ufaransa ku Euro 2024 hajafikisha hata 17. Lakini muangalie fasi banatokea: Yamal Barcelona ilimuchukua akiwa kadogo, eko na munganga wake, chakula yake, uwanja ya majani. Ya kwetu anakomalia ku vumbi na mawe ya volkano, ukianguka goti inabaki pale. Kama unataka kulinganisha, linganisha mutu na mutu ya mutaa yake. Jackson Muleka, alizaliwa Lubumbashi 1999, akatokea Mazembe, 2020 akaenda Standard ya Ubelgiji, kisha Beşiktaş ya Uturuki. Huyo njo wa kupima na Mputu. Mputu alibaki akabeba makombe, Muleka alitoka. Nani alichagua vizuri sijui, lakini Muleka bado anaweza kuandika, Mputu kitabu yake imefungwa.

Kalubwe_1
Mputu alitokaka pia, 2014 alienda Kabuscorp ya Angola. Na MwanaKatuba bado hajajibu.

MamaWaMapacha
Miye mambo ya mupira siyue mingi, najua jezi. Musikilize mama yenu. Mwaka jana mwezi wa sita nilipeleka jezi tatu kwa kijana moja ku soko, jina yake naacha. Bamapacha na kaka yabo, bote banataka MULEKA. Nikamuandikia ku karatasi herufi kubwa kubwa. Eko na ile mashini ya kukandamiza na moto, jezi mbili zikapita bien, ya tatu courant ikakatika. Nikasema tungoje, yee anasema mama usiogope, akatoa fero ya makala akapulizia akakandamiza, mimi nimesimama pale naona moshi. Nikalipa bote, juu banalipishaka ku herufi. Juma moja nafua, naona kitu inaelea mu beseni: L. Nageuza jezi, E nayo imeshaenda. Mutoto akaenda ku masomo na MU KA mu mugongo, mpaka leo mwalimu anamuita Muka. Nikarudi kwa ule kijana, ananiambia ulifulia maji ya moto. Lubumbashi mwezi wa sita saa kumi na mbili ya asubui nani anafuaka na maji ya baridi?? Tukabishana mpaka batu bakajaa. Akanirudishia franga ya herufi mbili. Mbili! Njo basi, muangalie kwanza mashini, mupira baadaye.

Cheminot_BluJano
Mama pole. Mais Muka ni jina muzuri.

PapaRuashi
Naingia late. Ile kufungiwa ya 2010 ilikuwa ngumu kupita kosa. Myezi 12 kwa mutu ya myaka 24, ule njo mwaka yenye dunia yote ilikuwa itamuona. Hapana kumutetea, arbitri hawapigi, lakini...

Kalubwe_1
Hakuna "lakini" papa, na heshima yote. Ukigusa arbitri unabaki ku nyumba. Bale batoto bapya banajua kamera ziko fasi yote, banashika mikono nyuma.

CorbeauKamalondo
Banashika mikono nyuma na hawapigi hata chenga moja. Banacheza kama banajaza formulere.

MwanaKatuba
Samahani bandugu, courant haikuwa. Najibu: mutoto eko na 9. Jezi ni ya Mazembe, nyeupe na nyeusi, nilishainunua. Mputu haimujui, anamusikia kwangu tu. Fasi anachezaka... ni kipa.

Kalubwe_1
KIPA???

Cheminot_BluJano
Siku mbili tunapigana juu ya bashambuliaji na mutoto ni kipa 😭😭

Mutoto_ya_Goma
Yaya si useme mwanzoni! Andika KIDIABA 1 na mambo imekwisha. Mutoto wangu hapa Goma ana miaka 6, hajazaliwa ile wakati, akifunga goli anakaa chini anaruka na matako kama Kidiaba mpaka suruali inatoboka.

PapaRuashi
Jezi ya kipa haina ile rangi. Akivaa nyeupe na nyeusi mu goli atafanana na babeki yake.

MwanaKatuba
Ni ya kuvaa ku nyumba papa, hapana ku machi. Na nawaza KIDIABA, lakini Ma Mapacha umeniogopesha: KIDIABA ni herufi saba, na franga nilipanga ni ya MPUTU, tano.

Cheminot_BluJano
YAMAL pia tano.

CorbeauKamalondo
Yamal mu mugongo ya jezi ya Mazembe?? Weye unakaaka wapi?

MamaWaMapacha
MwanaKatuba, mashini yake ni ya courant ao ya makala? Jibu hiyo kwanza.