Mrejesho: yule niloulizia kusomea OT

Jamani salama? Ni mimi wa Malindi, niliuliza nisomee fiziotherapi au okupesheno therapi (OT, tiba ya kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku), na kama kwa miaka 29 nishachelewa. Basi yule dada alonambia nikakae kwanza hospitali nione, Mungu amuweke, nlienda wiki mbili.

Nlidhani OT ni kukanda watu viungo tu. Kumbe! Kuna bibi kapata kiharusi upande wa kulia, akaulizwa wataka mkono urudi ufanye nini, akasema kukuna nazi. Wakaanzia mbali, kijiko kikazungushiwa kitambaa mpini unenepe apate kukishika, halafu kuvaa dera, mkono mgonjwa ndo watangulia kuingia, na kuvua mkono mzima ndo watangulia kutoka. Mbuzi yenyewe hajaikalia bado lakini juzi kajilisha uji mwenyewe, nusu umemwagika kifuani, na yeye acheka tu.

Nimeaplai diploma ya OT KMTC Nairobi, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, miaka 3. Karo ndo yanikosesha usingizi, na mamangu bado awaambia majirani naenda kusomea udaktari, nimemwacha. Mwenye vitabu vya anatomia vya zamani aniuzie tafadhali.